UZI MREFU: Bow Wow Wow, bendi ya London iliyodumu miaka mitatu kwa mdundo wa Burundi

Santuri45 (mtoa mada)

Wakuu, habari za jioni.

Huu uzi nimeukalia muda mrefu. Nilitaka kwanza nisikilize nyimbo zao zote, halafu ndiyo niandike. Mwenye haraka auhifadhi, aje ausome akitulia.

Mimi nimekulia Kasulu. Kwa mtoto wa Kigoma ngoma za Warundi si kitu cha kusimuliwa. Wapigaji wanaingia uwanjani na ngoma vichwani, wanapiga huku wanatembea, na kabla hujawaona mdundo umeshakufika kifuani. Siku za sherehe tulikuwa tunakimbia kuwahi mbele, tukae chini kabisa karibu na ngoma, mpaka meno yatetemeke.

Miaka kama kumi iliyopita nilikuwa kwenye karakana moja Dar. Mwenzangu alikuwa na flashi imejaa nyimbo za Kizungu za miaka ya 1980. Niko chini ya gari, nikasikia ule mdundo. Nikatoka na spana mkononi nikamuuliza: "Hao ni Warundi?" Akanijibu ni Waingereza. Binti anaimba kwa kasi kama anakimbizwa, gita linalia juu, na chini yake ngoma zile zile za Kasulu. Wimbo ulikuwa *C·30 C·60 C·90 Go!* na bendi iliitwa Bow Wow Wow.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikifuatilia ngoma ile ilifikaje London. Nawawekea njia yake.

Mwaka 1967, mwaka mmoja tu baada ya ufalme wa Burundi kuangushwa, Mfaransa Michel Vuylsteke alirekodi muziki wa nchi ile. Sahani ikatolewa na Ocora, lebo ya redio ya taifa ya Ufaransa iliyokuwa chini ya Charles Duvelle, ikaitwa *Musique du Burundi*. Ndani yake kuna inanga, ala ya nyuzi, ikipigwa huku mwimbaji ananong'ona, kuna ikembe, ile ala ya kupigwa kwa vidole gumba, kuna wasichana wakisalimiana kwa akazehe, salamu za kuimbwa. Na kuna kundi la ngoma linalopiga kwa nguvu ya ajabu. Kipande hicho cha ngoma ndicho kilichotembea dunia nzima.

Mwaka 1971 Mfaransa mwingine, Michel Bernholc, mpangaji wa muziki aliyejiita Mike Steiphenson, alichukua ngoma zile zile, akaweka piano na gita juu yake, akatoa *Burundi Black*. Ikaingia chati ya Uingereza na kufika nafasi ya 31. Jina kwenye lebo likasomeka Burundi Steiphenson Black. Nchi ipo, Mfaransa yupo. Mpiga ngoma hayupo. Mwaka 1975 mwimbaji wa Kanada Joni Mitchell naye akaitumia rekodi ya Ocora kwenye wimbo wake *The Jungle Line*.

Sasa twende London, mwisho wa 1979. Malcolm McLaren, aliyekuwa meneja wa Sex Pistols, bendi ya panki (roki ya fujo), hana bendi. Kijana anayeitwa Adam Ant anayo bendi, Adam and the Ants, lakini haiendi popote. Adam anampa McLaren pauni 1,000 ili amshauri. McLaren anampa mawazo na kaseti ya nyimbo za kusikiliza, na humo imo *Burundi Black*. Halafu Januari 1980 anamchukulia bendi yote: Matthew Ashman wa gita, Leigh Gorman wa besi, David Barbarossa wa dramu. Adam anabaki na jina na ile kaseti.

Kwa hiyo mdundo mmoja wa Burundi ukazaa bendi mbili kwa mkupuo, na bendi hizo zikashindana. Adam aliunda kikosi kipya, akaweka wapiga dramu wawili ili apate uzito ule, na kufikia Januari 1981 albamu yake *Kings of the Wild Frontier* ilikuwa namba moja Uingereza. Wale watatu waliochukuliwa wakatafutiwa mwimbaji. Huyo ndiye Annabella Lwin, binti aliyezaliwa Rangoon, Burma, mwaka 1966, baba Mburma na mama Mwingereza. Alikuwa anafanya kazi ndogo kwenye duka la dobi kaskazini mwa London, akiimba kufuata redio. Umri wake miaka 13.

Hiyo ndiyo bendi. Waingereza wanaiweka kwenye kundi la wimbi jipya, muziki uliokuja nyuma ya panki. Ilianza 1980, ikafa 1983.

Naendelea baadaye, simu inaisha chaji.

---

MamaKaseti

Mkuu, asante kwa uzi. Mimi nimevutwa na jina la wimbo. C-30, C-60, C-90 ni kaseti tupu, za dakika 30, 60 na 90! Nilikuwa na kibanda cha kurekodi kaseti Tanga miaka ya 1980 mwishoni. Mteja analeta orodha ya nyimbo kwenye kikaratasi, unamuuliza unataka sitini au tisini? Tisini utepe wake mwembamba, ulikuwa unameza kwenye redio mbovu, kwa hiyo mwenye redio mbovu nilimshauri achukue sitini. Watu walitulaumu kwamba tunaua wanamuziki, na nakubali leo kwamba walikuwa na hoja. Lakini bila vile vibanda nyimbo nyingi za bendi zetu zisingetoka nje ya redio hata siku moja, kwa sababu sahani zilikuwa hazipatikani.

Huo wimbo unasema nini hasa?

---

Santuri45

MamaKaseti, umegusa penyewe. Wimbo unasifia kazi yako. Binti anaimba kwamba ana redio kaseti, anarekodi nyimbo kutoka redioni na kwenye televisheni, hanunui sahani tena. Wimbo ulitoka Julai 1980 kupitia EMI, moja ya kampuni kubwa kabisa za muziki duniani. Fikiria: kampuni inatoa wimbo unaofundisha watoto jinsi ya kutoinunulia kampuni kitu! Na waliutoa kwenye kaseti pia, si sahani peke yake. Ndiyo singo (wimbo unaouzwa peke yake, si albamu) ya kwanza kutolewa kwenye kaseti. Ulifika nafasi ya 34.

Wakati ule kampuni za Uingereza zilikuwa zinaogopa kaseti tupu kama moto. Mwaka uliofuata chama chao kilianzisha kampeni ya kuwaambia watu kwamba kurekodi nyumbani kunaua muziki, na nembo yake ilikuwa kaseti yenye mifupa miwili chini kama bendera ya maharamia. McLaren alikuwa ameshauona mzozo huo ukija, akaupanda farasi mapema.

Novemba 1980 wakatoa *Your Cassette Pet*, nyimbo nane kwenye kaseti pekee. Si albamu kamili, si singo, watu wa chati wakaiweka upande wa singo. Hapa ndipo naona bendi hii ilikuwa na akili ya wakati wake. Walkman ya Sony ilikuwa ndiyo kwanza imetoka 1979. Muziki ulikuwa unahama sebuleni kwenda mfukoni, na wao walikuwa wa kwanza kuuimba uhamaji huo badala ya kuulilia. Singo iliyofuata, *W.O.R.K.* ya 1981, ilikuwa juu ya kukosa kazi na kutokutaka kazi, Uingereza ikiwa imejaa vijana wasio na ajira.

EMI na wao hawakudumu. Wakaachana, bendi ikahamia kampuni nyingine, RCA.

---

BuyenziDamu

Amahoro, wandugu. Mimi ni mtoto wa Buyenzi, Bujumbura, na kwetu Kiswahili ni cha nyumbani. Nimesoma yote. Niongeze upande wa ngoma, kwa sababu mkiita "mdundo wa Burundi" watu wanadhani ni kupiga kwa nguvu tu.

Kwa Kirundi *ingoma* ni ngoma, na ni ufalme pia. Neno ni moja. Ngoma takatifu ya mfalme ilikuwa Karyenda, na ilikaa kwenye bendera ya taifa mpaka ufalme ulipofutwa 1966. Ngoma zilipigwa mfalme anapotawazwa, anapozikwa, na kwenye umuganuro, sikukuu ya kupanda mtama. Haikuwa kila familia iliyoruhusiwa. Kuna koo zilizotunza ngoma, kizazi hadi kizazi, na mahali panapojulikana zaidi ni Gishora, karibu na Gitega. Ukienda leo utaona nyumba ya nyasi ya kifalme na wazee wanaofundisha vijana.

Ngoma inachongwa kwenye gogo la mti tunaouita umuvugangoma, maana yake mti unaofanya ngoma iongee. Juu ni ngozi ya ng'ombe, imebanwa kwa vigingi. Fimbo za kupigia ni imirisho.

Na kazi zimegawanywa. Katikati ipo inkiranya. Huyo ndiye kiongozi, wapigaji wanaizunguka nusu duara, na anayecheza mbele anabadilishana. Upande mmoja kuna amashakwe, hizo zinashika mdundo usiobadilika kuanzia mwanzo hadi mwisho, hazichoki. Upande mwingine kuna ibishikizo, hizo zinaifuata inkiranya, zikijibu inachosema. Kwa hiyo unaposikia lile wimbi linapanda na kushuka, ni mazungumzo. Kuna anayesema, anayejibu, na anayeshikilia ardhi ili wenzake wasianguke.

Sasa niambieni, mpiga dramu mmoja wa London aliwezaje kufanya kazi ya watu ishirini na zaidi?

---

BesiNne

BuyenziDamu, umenifundisha, asante. Hilo swali la mwisho niachieni. Nimepiga besi kwenye bendi za dansi miaka mingi, Dar na Mwanza.

Nimemsikiliza Barbarossa tangu jana usiku. Wapiga dramu wengi wa wakati ule walikaa kwenye matoazi: tsi-tsi-tsi mkono wa kulia, snea (ile ngoma ndogo yenye sauti kali) kwenye mbili na nne, basi. Yeye ameyaacha matoazi karibu kabisa. Mikono yote miwili iko kwenye tamu (tom, zile ngoma za sauti nene kwenye seti ya dramu), hasa ile kubwa ya chini iliyosimama sakafuni, na mguu unasukuma besi dramu bila kupumzika. Ile tamu ya chini ndiyo amashakwe yake. Mkono mwingine ukipanda tamu za juu na kurudi, hapo anajaribu kuwa inkiranya na ibishikizo kwa pamoja. Haiwezekani kikamilifu, ila jaribio lenyewe ni kazi ya jasho. Adam Ant alihitaji watu wawili, huyu alifanya peke yake, tena kwa kasi kubwa zaidi.

Na msimsahau Gorman. Kwa kuwa dramu imejaza chini kote, mpiga besi wa kawaida angekaa kimya au angepotea. Gorman alipanda juu, anapiga haraka, anachapa nyuzi, anaingia kwenye nafasi ambazo ngoma imeziacha. Ashman naye hajazi kodi (chord) nzito, anachomoa sauti nyembamba yenye mwangwi kama gita za Wamarekani wa pwani miaka ya 1960. Kwa hiyo bendi nzima imegeuzwa: ngoma mbele, gita nyuma. Ndivyo nilivyozoea kusikia muziki wa kwetu, na ndiyo maana haukunichosha.

Ila kuna jambo. Wimbo wao unaojulikana kuliko yote, *I Want Candy* wa 1982, sikuusikia kama Burundi. Ule ni mdundo mwingine kabisa. Mipigo mitatu, unavuta pumzi, miwili. Aliyepiga rumba ya Kikongo anaujua akiwa amelala.

---

Santuri45

BesiNne, sikio lako liko sawa kabisa. *I Want Candy* si wimbo wao. Uliimbwa 1965 na The Strangeloves, watayarishaji watatu wa New York waliojifanya ndugu wa Kiaustralia wafuga kondoo. Nao mdundo waliutoa kwa Bo Diddley, Mmarekani mweusi aliyerekodi wimbo wenye jina lake mwenyewe mwaka 1955. Mdundo wa tatu na mbili ulifika Amerika na watu waliochukuliwa Afrika, ukakaa Cuba, ukarudi kwetu ndani ya sahani zilizojenga rumba ya Kongo. Ndiyo maana unaukuta kote.

Singo mbili kubwa za bendi hii, zote ni za 1982. *Go Wild in the Country* ilifika namba 7 Uingereza, *I Want Candy* namba 9. Marekani hiyo ya pili iliishia namba 62, lakini video yake ya pwani ilichezwa sana MTV, na watoto wa kule wakaijua bendi kwa sura kuliko kwa chati.

Sasa nifike sehemu ambayo ndiyo iliyonifanya niandike.

Annabella alikuwa na miaka 13 alipoingia, 16 alipotoka. Maneno mengi ya mwanzo aliyaandika McLaren, mwanamume wa zaidi ya miaka 30, na mengi yalikuwa mambo ambayo hayafai kuwekwa mdomoni mwa mtoto. Akavalishwa nguo za kiharamia za mbunifu wa mavazi Vivienne Westwood, akanyolewa nywele pembeni, akapelekwa jukwaani. Albamu yao ya kwanza kamili, ya Oktoba 1981, ina jina refu linaloanza *See Jungle! See Jungle!* Picha ya jalada iliiga mchoro maarufu wa Mfaransa Manet wa watu walioketi kwenye majani, na binti wa miaka 14 akawekwa mahali pa yule mwanamke asiye na nguo wa kwenye mchoro. Mama yake alikwenda polisi. Alikuwa sahihi, na nasema hivyo nikijua kuna wapenzi wa bendi hii wanaoitetea picha ile hadi leo kwa jina la sanaa. Mtoto si kitambaa cha mtu kuchorea.

Ukisikiliza albamu yenyewe ukiwa na hilo kichwani, unasikia kitu kingine. Anaimba kama mtu aliyepewa kazi ya kupiga kelele, na ndani ya kelele hizo anatafuta njia yake. Kwenye nyimbo za 1982 ameshakua kidogo, sauti imeshuka kutoka kooni, anaanza kucheza na mdundo badala ya kukimbizwa nao. Ni mwimbaji wa kweli huyu. Aliokotwa kama sura, akawa mwimbaji mbele ya watu, akiwa amechoka.

McLaren alishaanza kutazama kwingine. Wakati fulani alimwingiza kijana mwingine kwenye jukwaa la bendi, akamwita Lieutenant Lush, na wengi wakaona ni namna ya kumtisha binti. Kijana huyo hakukaa. Aliondoka akaanzisha bendi yake, Culture Club, na dunia ikamjua kama Boy George.

Mwaka 1983 wakatoa albamu ya mwisho, *When the Going Gets Tough, the Tough Get Going*, chini ya mtayarishaji Mike Chapman, aliyefanya kazi na bendi ya Blondie. McLaren hayumo tena. Kwa sikio langu ndiyo albamu yao iliyotulia zaidi, na ngoma za Burundi zimepungua. Singo yake *Do You Wanna Hold Me?* ikaishia namba 47. Walikuwa wamezunguka mno, Marekani hasa, na Ashman alikuwa mgonjwa wa kisukari. Mwaka huo huo wale watatu wakamtoa Annabella. Walidhani wataendelea bila yeye. Ashman akaanzisha Chiefs of Relief, haikufika mbali. Alifariki 1995 kwa matatizo ya kisukari.

Annabella alitoa albamu yake, *Fever*, 1986. Mwishoni mwa miaka ya 1990 alirudiana na Gorman kwa ziara. Baadaye wakagombana tena juu ya jina la bendi, Gorman akapiga na mwimbaji mwingine, naye akawa anapanda jukwaani akijitangaza kuwa ndiye wa bendi ya asili. McLaren alifariki 2010.

---

Kibo_Kaskazini

Mkuu, uzi mzuri, ila naomba kupinga kidogo kwa heshima. Muziki wote ni kukopa. Wazee wetu walichukua rumba ya Cuba, wakachukua gita la Mzungu, wakachukua tarumbeta za gwaride la kijeshi. Hatukumlipa mtu. Sasa tukiwalaumu vijana watatu wa London kwa kupenda ngoma ya Burundi, na sisi tujilaumu. Mdundo hauna hatimiliki.

---

Santuri45

Kibo, hoja yako nimeipokea, na nimeifikiria kwa muda kabla ya kujibu. Nakubaliana na nusu yake.

Barbarossa simlaumu. Alisikia kitu, akakipenda, akakaa akajifunza kwa mikono yake. Hiyo ndiyo njia ya haki, ndiyo waliyofanya wazee wetu wa dansi na rumba. Walipiga wenyewe, wakakosea, ikawa kitu kipya.

Lawama yangu iko nyuma yake, kwa *Burundi Black*. Pale hakuna aliyejifunza kupiga. Mikono ya watu halisi waliopiga siku moja mwaka 1967 iliwekwa chini ya piano ikauzwa kama wimbo wa mtu mwingine. Bo Diddley alilalamika karibu maisha yake yote kwamba hakupata pesa kwa mdundo wake, lakini angalau kila mpiga gita duniani anauita kwa jina lake. Wale wa Burundi hawana hata hilo. Waandishi wa London walipoandika mwaka 1981 juu ya "mdundo wa Burundi", nchi ikawa jina la aina ya dramu, kama vile nyuma yake hakuna watu.

Na naona Annabella na wapigaji wale wako pamoja kwenye habari hii. Sauti zao ndizo zilizoibeba bendi. Wote wawili hawakuulizwa.

---

BuyenziDamu

Santuri, hapo umesema la moyoni mwangu. Ila nisiwape picha kwamba Warundi walikaa nyumbani wakisubiri. Julai 1982 wapiga ngoma wa Burundi walikwenda wenyewe Uingereza, kwenye tamasha la kwanza la WOMAD, lile lililoanzishwa na Peter Gabriel, pale Shepton Mallet. Walipiga mpaka na Echo & the Bunnymen, bendi nyingine ya wimbi jipya, jukwaa moja. Kwa hiyo mwaka ule ule *I Want Candy* inatamba, Waingereza wangeweza kuiona ngoma yenyewe, na wenye nayo. Mwaka 2014 UNESCO ikaiandika kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu.

Na kwetu pia kuna mzozo wa nani mwenye ngoma. Oktoba 2017 ilitoka amri ya rais: wanawake wasipige ngoma, na anayetaka wapigaji kwenye sherehe ya binafsi aombe kibali cha wizara na alipe faranga 500,000 serikalini. Kabla ya hapo kulikuwa na vikundi vya wasichana wanaopiga vizuri sana. Mimi ngoma naipenda kama damu yangu, na amri ile iliniuma. Kwa hiyo Kibo anaposema mdundo hauna hatimiliki, namwambia kuna watu wanaoidai, London na Bujumbura pia.

---

BesiNne

Wakuu, kwa anayetaka kusikiliza kwa mpangilio mzuri aanze wapi? Kijana wangu anapiga dramu kanisani, nataka nimpe somo.

---

Santuri45

Aanze na zile ngoma za Ocora, bila kitu kingine, sauti juu, mara mbili. Halafu *Burundi Black*, ili asikie piano ilivyokaa juu ya kitu ambacho hakikuihitaji. Halafu *Dog Eat Dog* ya Adam and the Ants ya 1980, dramu mbili. Halafu *C·30 C·60 C·90 Go!* na *Go Wild in the Country*, dramu moja. Mwambie anyamazishe matoazi yake wiki nzima afanye mazoezi ya tamu tu. *I Want Candy* iwe ya mwisho, na hiyo umfundishe wewe mwenyewe kwa besi, maana ni ya kwenu wa rumba.

---

MamaKaseti

Nimesikiliza jana kwa mpangilio huo huo. Zile za Ocora zilimtoa jirani nje, akauliza kuna harusi? Swali langu kwa BuyenziDamu: wale waliorekodiwa 1967, kama walikuwa vijana wa miaka ishirini, leo wako karibu na themanini. Hakuna anayewajua?

---

BuyenziDamu

Mama, swali hilo sijawahi kumuuliza mtu, na nimeona haya kidogo kulisoma. Mwezi ujao napita Gitega kwa msiba wa upande wa mke wangu. Gishora ni kama kilomita saba tu kutoka pale. Nitakwenda na simu yenye kile kipande cha Ocora, niwasikilizishe wazee. Wapigaji wa koo tofauti wanatambuana kwa namna inkiranya inavyoanza, kwa hiyo hata wasipotaja jina la mtu, huenda wakataja kilima. Nitarudi kwenye uzi huu.

---

Santuri45

Ukienda, warekodi na wao wakizungumza, na andika majina yao yote kabla hujabonyeza kitufe. Na pole kwa msiba.